Simu ya Babu Ezekieli

Katika nchi ile kubwa, ambayo jina lake lilichapwa juu ya kila kitu mpaka likafutika kwa kushikwashikwa, watu walizaliwa na masikio mawili kama watu wengine, ila la kulia halikuwa lao. La kulia lilikuwa la simu.

Asiyeamini na akae na ubishi wake. Nyumba kwa nyumba, bondeni na mjini, ungewakuta wanakula kwa mkono wa kushoto, hata wale waliolelewa kwa adabu. Wanasalimiana kwa mkono wa kushoto, wanakoga nusu leo na nusu kesho, na vichwa vyao vimelala begani kama alizeti zilizokosa jua. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika mkonga wa simu. Ndani ya mkonga mlikuwa na muziki, na baada ya kila kipande cha muziki ilitoka sauti ya mwanamke, tamu, isiyo na umri: "Simu yako ni muhimu sana kwetu. Tafadhali usikate. Ukikata, utapoteza nafasi yako." Kisha muziki tena.

Harlani hakuipiga simu yake. Aliirithi. Aliyeipiga alikuwa babu yake, Ezekieli, fundi bomba wa bonde zima, mtu wa miraba minne ambaye inasemekana aliwahi kuziba bomba lililopasuka kwa kulikalia, akalikalia siku mbili, akisoma gazeti. Siku moja, au mwaka mmoja, maana huko siku na miaka vilikuwa vimeshaanza kuazimana nguo, maji ya bonde yalitoka mekundu. Si mekundu ya udongo wa mvua. Mekundu ya kutu, yenye ladha ya msumari. Ezekieli akachukua spana yake kubwa, akapanda mlimani kwenye chemchemi, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Akakuta chemchemi imezungushiwa seng'enge. Bomba la bonde lilikuwa limefungwa kwa koki kubwa kama usukani wa lori, na kilichokuwa kinateremka bondeni ni machozi ya bomba kuukuu tu. Maji yenyewe, safi, mengi, yenye kelele, yalikuwa yamegeuziwa upande wa pili wa mlima.

Hakukuwa na mlinzi. Hakukuwa na mbwa. Lango lilikuwa limefungwa kwa kamba. Kulikuwa na kibao tu: MALI YA KAMPUNI. KWA MALALAMIKO, PIGA SIMU.

Sasa tazama mambo. Mtu ana spana mkononi. Koki iko mbele yake. Spana inaienea koki kama kwamba zilizaliwa tumbo moja. Lakini Ezekieli alikuwa raia mwema wa nchi ile, na raia mwema wa nchi ile akiona maandishi anavua kofia. Akavua kofia. Akasoma kibao mara mbili, akaandika nambari kwenye kiganja, akateremka saa tatu nyingine, akaitundika spana msumarini nyuma ya mlango, akapiga simu.

Akajibiwa papo hapo. Hilo ndilo lililomponza. Laiti isingepokelewa, angerudi mlimani. Lakini ilipokelewa, na sauti ikamwambia kwamba yeye ni muhimu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwambia, hata mama yake. Akakaa. Akasubiri mpaka chai ikapoa, mpaka mkewe akajifungua chumba cha pili, mpaka mtoto akaota ndevu. Akafia kitini, mkonga sikioni, na mwanawe akauchukua kabla haujapoa. Ezekieli akazikwa kichwa kimeinama kulia, kwa sababu shingo ilikataa katakata kunyooka.

Ukafika wakati wa Harlani. Yeye aliupokea mkonga wiki ya harusi yake. Kwa hiyo alimwoa Loreta kwa sikio moja. Mchungaji, naye akiwa na mkonga wake, alipouliza, "Je, unamkubali mwanamke huyu?" muziki ukakatika na ile sauti ikasema kwa nguvu mpaka watu wa viti vya mbele wakaisikia: "Kwa ndiyo, bonyeza moja." Watu wakacheka. Harlani akabonyeza moja, asije akakosea kokote. Loreta akasimama upande wa kushoto wa bwana wake, na hapo ndipo alipobaki miaka arobaini na moja, akizungumza na sikio la kushoto, sikio la kazi za nyumbani.

Zawadi aliyokuja nayo kwa mumewe ilikuwa kikombe cheupe cha kauri. Akakipindua chini juu, akakiweka dirishani kando ya kitanda. "Hiki hakiingii maji mekundu," alisema. "Kitangoja maji yake." Kikawa mngojaji wa tatu katika nyumba ile, baada ya mume na simu.

Na anayengoja ni nani hasa? Harlani alikuwa akijiuliza, maana mtu aliyekaa kitini miaka arobaini na moja hupata nafasi ya kujiuliza. Yule aliyeanza kungoja amekufa. Yule aliyefuata amekufa. Hamu ya wa kwanza ilikuwa ya maji. Ya wa pili, ya kutomwaibisha wa kwanza. Na yake yeye, Harlani, ilikuwa nini? Wakati mwingine, muziki ulipomlegeza, alitazama mkono ulioshika mkonga akaona ni mkono wa baba, una kovu la baba kwenye dole gumba. Akapepesa macho, ukawa wa babu, mnene, una nywele. Akataka kuuliza mikono hiyo: mnangoja jibu, au mmeshasahau kwamba kungoja ni kitu kimoja na jibu ni kingine? Mikono haikujibu. Tena aliwaza hivi: nguvu iko wapi? Kila mtu nchini humo alijua iko upande wa pili wa waya. Hakuna aliyewahi kuiona, lakini kila mtu alikuwa ameinamisha kichwa upande wake. Labda, aliwaza, nguvu si kitu kilichokaa huko. Labda ni huku kuinama kwetu. Halafu shingo ikamuuma, akaacha kuwaza.

Usidhani watu wale hawakuwa na sauti katika mambo ya nchi yao. Walikuwa nayo, na waliionea fahari kubwa. Kila baada ya miaka minne walipiga kura kuchagua muziki wa kungojea.

Kulikuwa na chama cha tarumbeta na chama cha fidla. Mgombea wa tarumbeta alisimama mbele ya watu akaapa kwamba kwa wimbo wake hakuna atakayehisi kuwa anangoja. Mgombea wa fidla akaapa kwamba kwa wimbo wake kila mtu atahisi, ila watahisi pamoja. Watu wakalia machozi. Ndugu wakanuniana. Harusi zikavunjika jikoni, wali ukiwa umeshaiva. Na Kampuni, ambayo ilizitengeneza tarumbeta zote na fidla zote, ikavichangia vyama vyote viwili, kwa moyo mweupe, bila upendeleo.

Nyumba ya Harlani ilikuwa ya tarumbeta tangu enzi. Nyumba ya jirani yake, Otisi, ilikuwa ya fidla. Kati yao palikuwa na ua wa mbao ambao hapo zamani watoto waliuruka na akina mama walipitishia chumvi. Miaka kumi na miwili sasa ua ule haukupitisha kitu isipokuwa maneno.

Asubuhi ile ya mambo haya, Otisi alikuwa uani kwake, mkonga sikioni, anamwagilia nyanya zake maji mekundu kwa mkono wa kushoto. Harlani akajitokeza mlangoni, mwisho wa waya wake.

"We tarumbeta!" Otisi akaita. "Bado hujafa?"

"Nife nikuachie nani wa kumtukana, fidla?"

"Mngepiga kura kwa akili, saa hizi tunaoga maji meupe."

"Fidla yenu imelia miaka minane mfululizo. Mlitoa tone gani?"

"Ilikuwa ndiyo kwanza inapanda kufika kwenye kiitikio, mkaikata!" Otisi akatemea nyanya. Halafu akashusha sauti, bila kumtazama. "Mama Dorotea ameamkaje?"

Harlani akafikiri asijibu. "Hivyohivyo," akajibu.

Loreta alikuwa anakauka. Neno jingine hakuna. Miaka ya maji ya kutu ilikuwa imemkalia kwenye figo, na sasa ngozi yake ilikuwa nyepesi kama karatasi ya kufungia sabuni. Akigeuka kitandani, ulisikia. Daktari alikuja jana yake, na mkonga wake mwenyewe sikioni, akampima kwa mkono wa kushoto, akasema: "Apate maji safi. Siku tatu, nne. Zaidi ya hapo sitaki kukudanganya, mzee." Akatikisa kichwa kwa ule upande mmoja alioweza.

Maji safi yalikuwepo nchini. Kampuni iliyatia kwenye chupa nzuri zenye picha ya mlima, ikaziita Mto Wako. Lakini magari ya chupa hayakufika bondeni. Bonde lilikuwa limefutwa kwenye ramani ya magari, na ukiuliza kwa nini, ulipewa nambari ya simu.

"Baba Dorotea," Loreta akaita kutoka chumbani.

"Naam."

"Njoo."

Akaenda mpaka waya ulipokaza, hatua moja kutoka kitandani. Kutoka hapo aliweza kuinama na kumletea uso wake. Akamgeuzia sikio la kushoto.

"Silitaki hilo," Loreta akasema.

"Hulitaki lipi?"

"Sikio hilo. Limechoka kunisikia, na mimi nimechoka kulisemesha. Kila neno nikiliambia linajibu 'zamu ikifika'. Nataka hilo la pili. Nina neno lake moja tu."

"Mama, hili lina simu."

"Najua lina simu! Nimeolewa nayo."

Harlani akacheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi. "Mimi ni wa pili kwenye foleni. Unajua ni wa pili."

"Umekuwa wa pili tangu Dorotea ana meno ya utoto. Dorotea kaota, kang'oka, kaota mengine, kahamia mjini kapata simu yake. Wewe wa pili."

Ilikuwa kweli. Miaka kumi na tisa alikuwa wa pili. Akafungua kinywa kusema chochote, na wakati huohuo, katika sikio la kulia, tarumbeta ikanyamaza katikati ya pumzi. Sauti tamu ikasema:

"Wewe ni wa kwanza katika foleni."

Harlani akaubana mkonga sikioni. Akashika mwimo wa mlango. "Loreta," akanong'ona. "Nimekuwa wa kwanza. Umesikia? Leo! Nitawaambia kuhusu wewe, maji yataletwa, utaona. Subiri kidogo tu."

Loreta akageukia ukuta. Karatasi ikalia.

Harlani akarudi kitini kwake, akakaa wima kadiri shingo ilivyomruhusu, akafunga vifungo vya shati. Akayapanga maneno. Akaikumbuka nambari ya kumbukumbu, tarakimu thelathini na moja, ambayo baba yake alimfundisha kwa kuiimba, na yeye akambembelezea Dorotea kwa wimbo uleule. Muziki haukurudi. Kulikuwa na kimya, halafu mtu akakohoa.

Kikohozi hasa, chenye makohozi. Nyuma yake birika lilikuwa linachemka na kuku anasumbua mahali.

"Haloo?" ikasema sauti ya mwanamke mtu mzima. "Upo?"

Harlani hakujua afanye nini na sauti inayopumua. "Nipo," akasema. "Nipo! Tumekuwapo."

"Jina?"

"Harlani. Mjukuu wa Ezekieli."

"Hapa imeandikwa Ezekieli."

"Basi ndiye mimi."

"Mimi naitwa Ofelia. Haya, tuimalize hii, baba, nimechoka. Una shida gani?"

"Maji," akasema Harlani, na hapo yale maneno yote aliyoyapanga yakavunja mstari. "Ni mekundu, na mke wangu anakauka, daktari kasema siku tatu. Chemchemi ni yetu, mmeifunga kwa koki. Nina nambari. Sifuri nne nne tisa..."

"Acha nambari. Maji. Mekundu." Ofelia akavuta pumzi. "Hata ya kwetu huku."

"Kwenu wapi?"

"Bondeni kwetu. Lina kilima chekundu na kanisa lililopoteza kengele. Niko jikoni kwangu, baba."

"Hauko Kampuni?"

"Mimi ndiyo Kampuni. Huu mwaka wa sita." Akakohoa tena. "Nilingoja kama wewe. Bibi yangu aliipiga hii simu, kwa ajili ya moshi. Zamu ikafika, nikapokelewa na mzee mmoja, mvuvi wa kwenye ziwa lisilo samaki. Akanisomea kadi, akasema hongera, akaenda kulala. Sasa nakusomea wewe. Hongera. Zamu yako imefika."

"Zamu ya nini?"

"Ya kupokea. Kuanzia sasa wewe ndiye wa upande huu."

Harlani akatazama chumba. Kiti, meza na, kupitia mlango wa chumbani, kikombe kilichopinduliwa dirishani. Hakuna kilichohama, lakini alihisi kama kwamba mtu ameigeuza nyumba kwa nje, na upande ule wa waya, aliouinamia maisha yake yote, ulikuwa hapa, na unanuka supu ya jana.

"Niandikie lalamiko langu kwanza," akasema.

"Wapi?"

"Kwenye mashine, kwenye daftari. Si mna daftari?"

"Nina kadi moja na birika."

"Basi nipe serikali! Baba yangu aliwahi kutaka kupigia serikali."

"Ukibonyeza moja ni Kampuni, ukibonyeza mbili ni serikali. Waya ni huohuo, baba. Wote ni mimi. Sasa wote ni wewe."

"Na wenyewe?" Sauti ya Harlani ilikuwa imeshuka ikawa ya mtoto. "Wale wakubwa. Lazima wawepo. Maji yanakwenda kwa mtu."

"Wapo. Niliuliza hilo hilo. Nikaambiwa wako kwenye maji."

"Maji gani?"

"Wanaogelea. Upande wa pili wa mlima kuna bwawa, kubwa, halionekani mwisho. Wanasema wanaogelea humo, na wakisikia muziki kwa mbali wanafurahi, maana wakisikia muziki wanajua tumekaa." Akanywa kitu, akameza. "Sikiliza, kuna jambo zuri pia. Anayepokea hupewa chupa moja ya Mto Wako kila siku. Kesho asubuhi utaikuta mlangoni. Sijui nani huileta. Unafungua tu, ipo. Umesema mkeo anakauka."

Harlani akatazama mlango.

"Chupa moja inamtosha mgonjwa," Ofelia akasema, taratibu. "Mimi ndiyo niliyomnyweshea mama. Kakaa nayo miaka mitano zaidi. Sijutii. Nimechoka tu. Kadi ni fupi: simu yako ni muhimu sana kwetu, usikate, ukikata utapoteza nafasi yako. Wakiuliza sana, nyamaza. Muziki utakuja wenyewe. Na ukitaka, waambie ni wa pili. Wa pili hakati kamwe. Haya, baba. Kwaheri. Naenda kulala."

"Bi Ofelia..."

Birika lilikuwa limenyamaza. Mkonga ukatoa mlio mdogo, kama mtu anayegonga kioo kwa kucha. Mtu alikuwa kwenye waya.

Tuseme haki: Harlani alitaka ile chupa. Aliiona mlangoni, ina jasho la baridi, ina picha ya mlima. Aliona kikombe kimegeuzwa na Loreta anakunywa. Kwa nini asiitake? Alikuwa amengoja kuliko mtu yeyote anayemjua, na kungoja kwake kulikuwa kumezaa kitu cha kushikika. Alichotakiwa kufanya ni kusema sentensi tatu ambazo alizijua kuliko jina lake. Akakohoa kusafisha koo.

"Simu yako ni muhimu sana kwetu," akasema, na akashangaa jinsi sauti yake ilivyotoka tamu, isiyo na umri.

"Haloo? Haloo! Mungu wangu, mtu!"

Aliisikia mara mbili. Katika sikio la kulia iliingia kwa waya. Katika la kushoto iliingia kwa dirisha, kutoka uani, kwenye nyanya.

"Nasikiliza," Harlani akasema kwa ile sauti tamu.

"Sikiliza, bwana mkubwa, usinirudishe kwenye muziki," Otisi akasema, mbiombio. "Naitwa Otisi, wa bondeni. Nimengoja miaka thelathini na mitatu. Lalamiko langu mimi ni nyanya na maji, lakini liweke pembeni, litangoja. Nina jirani. Mbishi, mtu wa tarumbeta, hajui lolote. Mkewe anakauka. Watu wema hawa. Mama huyu alimnyonyesha mwanangu wa kwanza, mke wangu alipokuwa na homa. Daktari kasema siku tatu. Nafasi yangu yote, hii miaka yote, mpe yeye. Mleteeni maji. Na tafadhali msimwambie kwamba ni mimi. Atavimba kichwa."

Harlani akatazama dirishani. Otisi alikuwa amempa mgongo, kopo la kumwagilia limeanguka, maji mekundu yanamwagikia kiatuni naye hana habari. Alikuwa amevua kofia.

Ilibaki ile sentensi ambayo Ofelia aliiongeza nje ya kadi. *Wewe ni wa pili.* Harlani aliihisi ulimini, laini, imeshatafunwa na vizazi. Ndani ya chumba cha pili karatasi ikalia, Loreta anageuka. Kesho asubuhi, chupa. Na kesho kutwa chupa. Na huyu, kofia mkononi, wa pili, mpaka afe, na mwanawe wa pili.

Akaimeza. Mkono ule ulioshika mkonga ukaanza kushuka. Ulikuwa wa babu, kisha wa baba, kila mmoja ukivuta kuurudisha juu, na ulipofika kifuani ukawa wake mwenyewe, una mabaka ya uzee. Akaweka mkonga mahali pake. Ukafanya kelele ndogo sana, kama kifuniko cha sufuria.

Kilichofuata kilimtisha. Upande wa kulia wa dunia ulikuwa na upepo. Alikuwa amesahau. Kulikuwa na nzi, na mbao za paa zinanyooka kwa joto, na mbali kabisa, juu, kitu kinachonguruma bila kupumzika ambacho alidhani ni damu yake, kumbe ni mto. Sikio lenyewe lilikuwa bapa kama chapati na lilimwasha.

Akaenda chumbani. Waya haukumzuia. Akapiga magoti kando ya kitanda, na kwa kuwa shingo ilikuwa imeshalalia upande huo tangu ujana, hakuhitaji kuinama sana. Sikio la kulia lilifika midomoni kwa Loreta kama kwamba ndiko lilikokuwa likielekea siku zote.

"Haya," akasema. "Hili hapa."

Loreta akalitazama kwanza. Akaligusa kwa kidole. Kisha akasema ndani yake, polepole, neno ambalo alikuwa ameliambia sikio la kushoto tangu wiki ya harusi:

"Spana iko msumarini."

Kinywa cha Harlani kikafunguka chenyewe. "Tafadhali..." kikaanza, na Loreta akakiwekea kidole kikavu juu ya midomo.

Akatoka nyuma ya mlango na spana ya babu. Ilikuwa nzito, na ilikuwa imechora ukutani kivuli chake cheupe. Akachukua ndoo. Uani, Otisi alikuwa ameshika mkonga mbele ya uso wake, anautikisa.

"Umekufa!" akapiga kelele. "Nilikuwa naongea na mtu, mtu kabisa, anasikiliza vizuri, ghafla waya umekufa!" Ndipo akaona. Macho yakapanda kutoka kwenye ndoo mpaka kwenye spana mpaka kwenye lile sikio bapa, jekundu, tupu. "Umekata?"

"Nimekata."

"Ulikuwa wa pili!"

"Nikafika."

"Wakasemaje?"

Harlani akatafuta namna ya kulisema, akakosa iliyo nzuri. "Wakasema simu yako ni muhimu."

Otisi akaacha kuutikisa mkonga. Akamtazama Harlani kinywani, kama mtu anayetafuta ni wapi ameisikia sauti fulani. Akapata. Uso ukambadilika rangi mara tatu, na Harlani akajiandaa kwa tusi, maana alilistahili.

"Kwa hiyo umesikia yote," Otisi akasema mwishowe.

"Yote."

"Hata ya kichwa kuvimba."

"Hata hiyo."

"Basi usivimbe." Otisi akauweka mkonga juu ya nyanya, taratibu, kama anaweka yai. Akajikuna sikio. Akakunja uso kwa upepo. "Kule juu kuna kibao," akasema. "Babu yangu naye alikwenda."

"Najua. Tutakisoma tukirudi."

"Mwenye ndoo moja anakwenda kuleta nini, tarumbeta? Subiri nichukue..." Akaishia hapo, akajisikia mwenyewe alichosema. "Tangulia," akasema. "Nitakukuta."

Harlani akatangulia. Alitembea amepinda kulia, kama mtu anayesikiliza jambo, na shingo ilimuuma kila hatua; alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja na mlima ulikuwa na saa tatu. Huko nyuma, nyumba moja, kisha nyingine, milango ilikuwa inafunguliwa na watu wanatoka vizingitini wakiwa na mikonga iliyonyamaza mikononi, wanaulizana kwa sauti kubwa mno, kama viziwi, nani ameuzima muziki. Ndoo ya pili ikawa inagongana na goti la mtu nyuma yake, na mtu huyo anahema na kuapiza fidla na tarumbeta kwa usawa.

Kwenye kona, mahali nyumba inapoonekana kwa mara ya mwisho, akageuka. Mkono mwembamba ulikuwa umetoka kitandani ukafika dirishani. Ulitapatapa kidogo juu ya ubao. Ukakipata kikombe, ukakigeuza, mdomo juu.